Mfumo Unamsubiri Mgeni Rasmi

Iko nchi moja, msiniulize ni ipi kwa sababu hata wachora ramani huichora kwa penseli, ambako gari lisiloandikishwa kwenye Mfumo huwa halipo. Haisemwi kwamba ni gari la magendo, au bovu, au la wizi. Halipo tu. Linaweza kuwa na magurudumu manne, honi inayolia na dereva anayesonya, lakini kama Mfumo hauna habari nalo, basi raia mwema anatakiwa kulitazama na kuona barabara tupu.

Ndiyo maana Zamoyoni Kihwelo alishangaa, saa mbili na nusu asubuhi, askari wa barabarani aliponyoosha mkono na kulisimamisha pikapu lake.

"Gari hili halipo," askari alisema, ameegemea boneti.

"Sasa umesimamisha nini, afande?"

"Usinijibu kwa maswali. Gari lisilokuwepo limeziba barabara iliyopo. Hilo ni kosa. Umebeba nini huko nyuma?"

"Vifaranga. Mia sita. Wa siku moja."

"Na hao hawapo?"

"Wasikilize mwenyewe."

Askari akasikiliza. Kutoka kwenye maboksi sita yaliyotobolewa matundu ilitoka sauti kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani. Aliona aibu kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye kuku nyumbani, lakini sheria ni sheria. Akaingia kiti cha mbele, akafunga mkanda wa gari ambalo halipo, na kumwelekeza Zamoyoni hadi yadi ya Makao Makuu ya Usajili wa Vyombo vya Magurudumu. Geti likafungwa nyuma yao. Kutoka ni mpaka gari liwepo.

Zamoyoni hakuwa mtu wa kukaa kitako hata siku ya kawaida. Alikuwa na mashine ya kutotolesha mayai uani kwake, nayo ilimfundisha kuamka kila baada ya saa mbili kama mama wa mapacha. Pikapu alilinunua kwa mjomba wake miezi minane iliyopita, na katika miezi hiyo alikwenda kuliandikisha mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja aliambiwa, kwa adabu kubwa na kiti cha kukalia, kwamba Mfumo bado haujazinduliwa leo.

Na wale vifaranga walikuwa wanasubiriwa Mlowa, mwendo wa saa mbili, na kikundi cha akina mama waliokwisha kuwasha jiko la kuwatia joto. Mwezi wa tatu aliwahi kuwapelekea shehena nyingine. Hiyo ililala katika yadi hii hii, juani, mpaka jioni. Alifika Mlowa na maboksi yaliyonyamaza. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Nyamizi, alifunua boksi moja, akalifunika polepole, akasema, "Mwanangu, safari hii tumekusamehe. Ukituletea maiti mara ya pili, tutajua wewe si mtotoleshaji, ni mzikaji." Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu la kutimiza: saa tisa alasiri, vifaranga wakiwa hai. Maana yake atoke hapa kabla ya saa saba.

Saa tatu ilikuwa imeshafika. Jua lilikuwa linapanda kama mtu anayedaiwa kuwahi mahali.

*

Sasa inafaa msomaji auelewe Mfumo, kwa sababu wakubwa wa nchi hiyo hawakuuelewa na mambo yao yaliwanyookea vizuri tu.

Serikali ilipotaka kuandikisha magari kwa kompyuta iliwaita mafundi kutoka ng'ambo, watu makini, wenye kalamu tatu tatu mifukoni. Mafundi wakaomba kwanza wajifunze namna mambo yanavyoendeshwa hapa. Wakatembezwa wiki mbili. Wakaona kisima kikizinduliwa, wakaona choo cha soko kikizinduliwa, wakaona kibao kinachoonyesha njia ya kwenda kwenye kile choo kikizinduliwa. Kila mahali palikuwa na mgeni rasmi, utepe, hotuba na makofi, na kabla ya hayo hakuna aliyeruhusiwa kuteka maji wala kujisaidia. Mafundi wakaandika yote kwenye madaftari yao. Wakaelewa kwamba katika nchi hii kitu hakifanyi kazi pasipo mgeni rasmi, kama vile kwao kitu hakifanyi kazi pasipo umeme.

Wakaunda Mfumo kwa uaminifu. Kila asubuhi ulipowashwa uliandika kwenye kioo: MGENI RASMI, WEKA KIDOLE GUMBA. Baada ya kidole ulisubiri hotuba, uisikilize kwa kipaza sauti chake. Baada ya hotuba ulisubiri makofi. Makofi yakipungua kipimo, ulizima taa zake zote kwa heshima na kusubiri kesho.

Hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba uzinduzi huwa ni mara moja. Siku ya kwanza Mfumo ulizinduliwa na mkubwa kuliko wote, na nani angesema kwamba alichokizindua yeye kina kasoro? Basi siku ya pili akaitwa waziri. Ya tatu, naibu wake. Wakaisha wakuu wa mikoa, wakaisha wakuu wa wilaya, wakaisha wakuu wa shule. Mwezi uliopita mgeni rasmi alikuwa bwana mmoja aliyewahi kugombea udiwani na kupata kura mbili, na alihutubia kwa saa tatu nzima kwa kuwa hakuwahi kupata nafasi hiyo kabla. Siku nyingi hakupatikana mtu kabisa.

Ndipo Bunge lilipouliza kwa nini Mfumo ulioahidi kuandikisha magari elfu moja kwa siku umeandikisha kumi na moja kwa mwezi, tisa kati yake yakiwa ya wageni rasmi. Likaunda Kamati ya Kuusimamia Mfumo. Na kamati hiyo, wajumbe tisa, ilikuwa inakuja kukagua leo.

*

"Dada, leo una bahati," mlinzi wa getini alimwambia Zamoyoni. Aliitwa Chilumba, mtu mwenye fimbo fupi na daftari refu. "Waheshimiwa tisa wanakuja. Wageni rasmi tisa! Mfumo lazima uamke."

"Saa ngapi?"

"Ratiba inasema saa tatu."

"Ni saa tatu na nusu."

"Ratiba haijasema ya siku gani."

Zamoyoni alizunguka gari mara nne. Alifunua turubai ili hewa ipite, akaona jua linaingia, akalifunika. Akaona hewa haipiti, akalifunua. Alitumbukiza mkono kwenye boksi la juu. Vifaranga walikuwa wamekaa mbalimbali, midomo wazi, mabawa yameachama. Kuku mdogo akiachama hivyo ameshaanza kukuaga.

"Kaka Chilumba, niwaingize ukumbini kwenye kivuli."

"Ukumbini? Kwenye ukumbi wa Mfumo? Ni wa wananchi tu, dada. Nimeagizwa nijaze wananchi mia mbili wa kushuhudia, na mpaka sasa nina," akafungua daftari, "nina wewe."

Wakatazamana. Mlinzi aliangalia maboksi. Aliangalia daftari. Alikuwa mtu aliyetumwa kazi na hakupewa vitendea kazi, na watu wa namna hiyo hukata shauri haraka.

"Wako mia sita?"

"Kamili."

Chilumba akalamba ncha ya kalamu, akaandika: *Wananchi waliojitokeza: 601. Hali yao: wachangamfu.* Kisha akabeba boksi la kwanza mwenyewe.

*

Kamati ilifika saa nne na dakika arobaini, kwa magari tisa, na yote tisa yalikuwepo.

Mkurugenzi Mkuu wa Mfumo, Bwana Lutengano, aliwapokea mlangoni akiwa ameinama kiasi kwamba wajumbe wawili walidhani anatafuta kitu kilichoanguka na wakamsaidia kutafuta. Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi jana. Katikati, juu ya meza yenye kitambaa cha satini, ilikaa kompyuta moja imefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Zamoyoni alikuwa ameyapanga maboksi nyuma ya ukumbi, ukutani, palipo na ubaridi, na alikuwa anawanywesha vifaranga mmojammoja kwa kifuniko cha chupa.

Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Ngwandu, alikuwa na sauti ambayo ingefaa kuendeshea meli. "Kamati hii," alinguruma, "imekuja kuuliza maswali magumu. Haitamwonea mtu haya. Swali la kwanza: chai iko wapi?"

Chai ikaletwa. Ikanywewa mpaka saa tano na robo. Zamoyoni akahesabu maandazi yanayobaki kama mfungwa anavyohesabu siku.

"Swali la pili," alisema Mwenyekiti akijifuta mdomo. "Mkurugenzi, je, Mfumo unafanya kazi?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, swali zuri sana. Ili Mfumo uweze kujibu swali hilo, sharti uzinduliwe. Ili uzinduliwe, tunamhitaji mgeni rasmi."

"Basi tatizo limekwisha!" Mheshimiwa Ngwandu akainuka na kukunjua kidole gumba chake, kidole kilichonona. "Mgeni rasmi ni mimi."

"Taarifa!" alisema Makamu wake, Mheshimiwa Salha Mkomwa, mama mwembamba aliyekaa wima kama rula. "Mheshimiwa Mwenyekiti ndiye aliyefungua kikao hiki. Aliyefungua kikao ni mwenyeji wa kikao. Tangu lini mwenyeji akawa mgeni?"

"Mimi ni mwenyeji Bungeni, mama. Hapa nimekuja."

"Umekuja na kikao chako. Mtu hawi mgeni kwenye kikao alichokuja nacho, kama asivyokuwa mgeni ndani ya koti lake."

"Sasa mgeni ni nani? Wewe?"

"Sikusema. Lakini kwa kuwa umenitaja mwenyewe, nitapokea kwa unyenyekevu."

Mjumbe wa tatu akasema yeye ndiye mwenye umri mkubwa. Wa nne akasema umri haujazindua kitu. Wa tano akasema jimbo lake halijawahi kuzindua chochote tangu uhuru, na machozi yakamlenga. Mkurugenzi akapendekeza kura. Wakapiga kura ya siri, kwa karatasi, kwa dakika ishirini na tano, na matokeo yakatangazwa kwa heshima zote: kila mmoja alikuwa amepata kura moja.

Wakapiga tena. Kila mmoja akapata kura moja.

"Huu," alisema Mheshimiwa Ngwandu akitikisa kichwa kwa fahari, "ni ukomavu wa demokrasia."

Saa sita na dakika kumi. Kwenye boksi la tatu kifaranga mmoja alikuwa amelaza shingo sakafuni mwa boksi. Zamoyoni alimchukua, akampulizia, akamtia maji mdomoni. Kifaranga akafumba macho. Akafumbua. Zamoyoni akasimama.

"Waheshimiwa, samahanini."

Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanajadili kama kura ya tatu ipigwe kabla au baada ya chakula.

"Waheshimiwa! Vifaranga wangu wanakufa. Mmoja wenu aweke kidole tu. Yeyote! Hata mkiweka vyote tisa kwa pamoja kama watu wanaokula ugali!"

"Mwananchi," alisema Makamu kwa upole wa mtu anayefukuza nzi kwenye sahani ya mgeni, "haya ni mambo ya itifaki. Utaitwa wakati wa kushukuru."

Zamoyoni alimtazama Chilumba. Chilumba alitazama dari, kwa bidii, kama mtu aliyeajiriwa kuilinda dari. Basi Zamoyoni akapita kati ya viti, kifaranga mgonjwa mkono wa kushoto, akasukuma utepe pembeni, na kukibandika kidole gumba chake, chenye pumba na maji, kwenye kioo.

Mfumo ukalia kengele tatu. KARIBU MHESHIMIWA MGENI RASMI. TUNASUBIRI HOTUBA.

Mkurugenzi alishika kifua upande ambao hauna moyo.

"Mwondoeni!" alinguruma Ngwandu.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," alinong'ona Lutengano. "Mgeni rasmi akianza haondolewi. Mfumo utachukia."

Zamoyoni akakisogelea kipaza sauti. "Mimi sina hotuba," alisema. "Nina vifaranga. Nimekuja hapa mara kumi na moja, na leo ya kumi na mbili. Mwezi wa tatu niliwazika mia sita kwa sababu mtu fulani alikuwa hajakata utepe. Mlowa kuna akina mama wamekaa mbele ya jiko la mkaa wananisubiri, na mimi niko hapa nawatazama watu tisa wazima wanavyogombania kubonyeza. Hayo ndiyo niliyonayo. Nimemaliza."

AHSANTE MHESHIMIWA, Mfumo ukaandika. TUNASUBIRI MAKOFI.

Wajumbe tisa walikunja mikono. Kanuni zao zilikataza mbunge kumpigia makofi raia kabla raia hajampigia yeye. Chilumba alipiga mara mbili, kisha akakumbuka ana watoto, akaacha. Kwenye kioo mshale wa kipimo ulipanda unywele mmoja ukashuka. Taa moja ikazimika. Ya pili ikazimika.

Hapo Zamoyoni, kwa kukosa lingine la kufanya, alifanya kile alichokifanya kila asubuhi uani kwake. Akaenda ukutani, akavua vifuniko vya maboksi yote sita, na kugonga ubavu wa boksi kwa kucha: ko-ko-ko-ko, kama mama kuku aliyeona chakula.

Vifaranga mia sita waliokunywa maji na kupumzika kivulini wakamjibu kwa pamoja. Sauti ikajaa ukumbi, ikapanda ukutani, ikarudi kutoka darini na kuanza upya. Wajumbe waliziba masikio. Mshale wa kipimo ulipanda, ukafika mwisho, ukagonga pembe ya kioo na kukaa palepale.

MAKOFI MAREFU NA VIGELEGELE, Mfumo ukaandika, herufi zikimeta. HAYAJAWAHI KUTOKEA. MFUMO UMEZINDULIWA.

Taa zikawaka zote. Mashine iliyokuwa kimya wiki tatu ikatema kadi ya kwanza ya siku, ingali moto, yenye namba ya pikapu la Zamoyoni, kwa kuwa Mfumo huanza na gari la mgeni rasmi.

*

Msomaji asidhani mambo yaliishia hapo. Nchi hiyo haina tabia ya kukiacha kitu kilichofanya kazi kiende zake.

"Kamati imejiridhisha," alitangaza Mheshimiwa Ngwandu, aliyekuwa wa kwanza kurudiwa na sauti. "Mfumo hauna kasoro. Kasoro ilikuwa uhaba wa wapiga makofi wenye moyo. Kwa hiyo kamati inaazimia kwamba vifaranga hawa mia sita wachukuliwe na Taifa, wabaki hapa, wawe Kitengo cha Makofi."

"Naunga mkono!" zilisema sauti nane. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana siku hiyo.

Chilumba alikuwa tayari ameamriwa asimame mbele ya maboksi, na alisimama, bila kumtazama usoni. Saa sita na nusu. Zamoyoni aliwaza jiko la mkaa. Alimwaza Mama Nyamizi akifunika boksi polepole. Aliwaza kupiga mayowe, kisha akawaza mayowe yenyewe yangehitaji kibali. Halafu akautazama ule utepe mwekundu uliokuwa umeangukia sakafuni, na akili ikamrudia.

Akapiga goti kidogo. "Waheshimiwa, ni heshima kubwa. Nawakabidhi kwa moyo mmoja. Ila kitu kimoja tu, msije mkaniona sina adabu."

"Sema, mwananchi."

"Hivi mali ya Taifa hukabidhiwa hivihivi? Kama mtu anampa jirani chumvi? Kwetu nilisikia makabidhiano huwa na sherehe. Na mgeni rasmi wa kupokea."

"Ni kweli," alisema Mheshimiwa Salha Mkomwa, akinyoosha kanga yake. "Kwa kuwa Mwenyekiti ndiye aliyetoa azimio, hawezi kupokea alichokiazimia. Atapokea Makamu."

"Taarifa!" alinguruma Ngwandu.

"Jimbo langu," alianza wa tano, na machozi yakamlenga.

Wakasogeza viti karibu. Mkurugenzi akaleta karatasi za kura. Zamoyoni akamwinamia Chilumba sikioni. "Kaka, mpaka maboksi yakabidhiwe, ni ya nani?"

Chilumba akalifikiria hilo kwa uzito wote wa kazi yake. "Yako," alisema. Akabeba boksi la kwanza mwenyewe, kama asubuhi, na kwenye daftari akaandika: *Wananchi wametawanyika kwa amani.*

Getini aliipokea kadi, akaisoma mbele na nyuma, akaligusa pikapu kwa ncha ya fimbo.

"Sasa lipo," alisema, na kufungua geti.

*

Alikuwa ametoka mjini kilomita nne tu aliposimamishwa tena. Ni yuleyule askari wa asubuhi, mahali palepale.

Zamoyoni akampa kadi kupitia dirishani huku mguu ukicheza juu ya pedali ya mafuta. Askari akaisoma. Mfumo, ambao haukuwahi kufundishwa kwamba mgeni rasmi anaweza kuwa na jina, ulikuwa umeandika: *Mmiliki: Mheshimiwa Mgeni Rasmi.*

Askari alirudi nyuma hatua tatu, akapiga saluti iliyomdondosha kofia. Akawaita wenzake wawili kutoka kivulini. Akasimamisha malori matano na pikipiki kumi na mbili, akawapanga madereva mistari miwili kando ya barabara. Mwandishi wa gazeti la serikali, aliyekuwa juu ya pikipiki mojawapo, akatoa daftari.

"Mheshimiwa," askari alisema. "Tunaomba maneno mawili matatu."

Zamoyoni alitazama jua. Alitazama barabara iliyozibwa mbele yake. Nyuma, maboksi yalikuwa yanalia, yote sita.

"Pisheni," alisema.

Kizuizi cha askari kikaruka juu. Makofi yalimsindikiza mpaka kwenye kona.

Aliingia Mlowa saa tisa kasoro dakika tano. Mama Nyamizi alifunua boksi la kwanza, akarukiwa usoni na kifaranga, akafunua la pili, na hakuyafunika tena.

Kesho yake gazeti la serikali lilitoa hotuba yote, neno kwa neno, ukurasa wa mbele, pamoja na uchambuzi wa maprofesa watatu walioisifu kwa kina chake. Nakala moja ilipelekwa kwenye ukumbi wa Mfumo, ambako kamati ilikuwa imefika kura ya kumi na tisa na kila mjumbe amepata kura moja. Mheshimiwa Ngwandu aliisoma hotuba mara mbili. Kisha akamwagiza Mkurugenzi amtafute huyo kiongozi mpya anayesema machache na watu wakatii, amuulize kama ana nafasi asubuhi ya kesho kuja kuzindua Mfumo, na amwombe, kama si usumbufu, aje na wapiga makofi wake.